Kifurushi Kilichogoma Siku Mbili Kabla ya Mkutano wa Kigombe

Mwanzoni mwa Juni 2022, siku ya Alhamisi, nilikuwa mbele ya kompyuta ya mezani katika ofisi yetu ndogo ya Chumbageni, Tanga, nikiwa nimebakiwa na kazi moja tu: kuchora upya michoro mitano ya mavuno ya pweza na changu kwa ajili ya mkutano wa Jumamosi na wavuvi wa Kigombe. Takwimu zilikuwa zao. Kwa mwaka mzima vijana wetu wawili walikuwa wakishinda pwani kila bamvua, mizani mkononi na daftari gotini, wakipima samaki wa kila ngalawa iliyotia nanga, na wavuvi walikubali kuchelewa kuuza kwa sababu tuliwaahidi kwamba siku moja tutarudi na kuwaonesha hesabu yao. Siku yenyewe ilikuwa imefika, na mimi ndiye niliyeshika hesabu.

Programu niliyoitumia kuchambua takwimu na kuchora michoro, na ninayoitumia hadi leo, ni R. Waanzilishi wake ni Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, waliofanya kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Haiuzwi, mtu yeyote huipakua bure, na ndiyo sababu ofisi isiyo na fedha kama yetu huweza kuitegemea. Sehemu kubwa ya kazi ya kila siku, hata hivyo, hufanywa na vifurushi, yaani mikusanyo ya msimbo (maagizo ya kompyuta) ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali huiandika na kuiweka katika ghala la mtandaoni liitwalo CRAN. Nitalitumia neno kifurushi kwa maana hiyo peke yake, na intaneti ya kununua nitaiita bando, kwa kuwa kwetu Tanga ukisema kifurushi kimekwisha mtu hukuelekeza kwenye duka la vocha.

Asubuhi ile mwenzetu aliyeko Pangani alikuwa amenitumia msimbo wake wa kupanga takwimu kwa kufuata misimu ya kusi na kaskazi. Msimbo ulikataa kwangu, kwa kuwa ulihitaji toleo jipya zaidi la kifurushi cha dplyr, cha kupangia takwimu, kuliko nililokuwa nalo. Bila kutafakari nikaandika amri ya update.packages(), ambayo hupitia maktaba nzima na kusasisha kila kifurushi kilichopitwa na wakati, nami nikajibu ndiyo kwa kila swali lililotokea kwenye kioo. Kazi niliyokuwa nikiifanya ilikuwa bado wazi. Michoro miwili ilikuwa imekwisha kuchorwa katika dirisha lile lile.

Mistari ikaanza kumiminika, mingi kwa rangi nyekundu. Ilipotulia nikasoma wa mwisho, uliosema kwamba kifurushi fulani hakikusakinishwa, na nilipojaribu kufungua dplyr nikajibiwa kwamba kifurushi cha rlang hakipo. Rlang sikuwahi kukiita kwa jina hata siku moja. Ni kifurushi cha chini kinachobeba vingine vingi, dplyr na ggplot2 (cha kuchorea michoro) vikiwamo, na kikikosekana vyote vilivyo juu yake hulala. Kufikia saa tano kamili kompyuta iliyochora michoro miwili tangu asubuhi haikuweza tena kuchora hata mstari.

Yaliyofuata nayaeleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza siku nzima, na nimewaona wengine wakipita njia hiyo hiyo baada yangu.

Kwanza niliirudia amri ile ile mara nne. Kila mara ilishindwa kwa sura tofauti kidogo, na tofauti hiyo ikanidanganya kwamba nasogea. Mara ya tatu ilikatika wakati wa kupakua, faili likafika nusu, kwa kuwa R, usipoiambia vinginevyo, huipa shughuli ya mtandao sekunde 60 tu, na modemu yetu saa zile za mchana, mji mzima ukiwa mtandaoni, haikuweza kushusha kifurushi kikubwa kwa muda huo.

Kisha nikafikiri kwamba dawa ni kuiondoa R ya zamani akilini na kuanza na mpya. Nilikuwa natumia toleo la 4.1, na toleo la 4.2.0 lilikuwa limetoka tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, hivyo nikalipakua na kulisakinisha. Nilipolifungua nikakuta maktaba tupu. Moyo uliniruka, nikaamini kwamba nimefuta vifurushi vyote nilivyovikusanya kwa miaka mitatu kwa bando la kuungaunga. Ukweli ni kwamba hakuna kilichofutika. Kila toleo la R kama 4.1 au 4.2 huwa na folda yake ya vifurushi, na zaidi ya hapo, kuanzia 4.2.0, kwenye Windows folda hiyo ilihamishwa kutoka ndani ya Documents na kupelekwa ndani ya AppData\Local, ambayo kwa kawaida imefichwa machoni pa mtumiaji. Vifurushi vyangu vilikuwa palepale vilipokuwa. R mpya ndiyo iliyokuwa ikitazama kwingine. Amri fupi ya .libPaths() ingenionesha hayo kwa sekunde moja, lakini siku ile sikuijua.

Nilipoigundua folda ya zamani nikafanya jambo baya zaidi: nikanakili yaliyomo yote na kuyamwaga katika folda mpya. Nilidhani nimeokoa bando. Sikujua kwamba katika toleo la 4.2 watengenezaji wa R walikuwa wamebadilisha hata maktaba ya msingi ya lugha ya C ambayo programu husimama juu yake kwenye Windows, wakaacha ile iitwayo MSVCRT na kuhamia UCRT, ili herufi za lugha zote zisomeke vizuri. Kifurushi chenye msimbo uliokompailiwa, yaani uliogeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa mfumo wa kwanza hakifai kwa mfumo wa pili. Baadhi ya vifurushi vilifunguka, vingine vikalalamika, na kimoja kikaizima R bila kuniambia neno.

Alasiri nikaulizwa swali ambalo nilikuwa nimelijibu tangu asubuhi bila kulielewa. R ilinieleza kwamba toleo lililo tayari kutumika lipo, ila msimbo chanzo, yaani maandishi ya kifurushi kabla ya kukompailiwa, ni mpya zaidi, je, nisakinishe kutokana na msimbo chanzo? Nikasema ndiyo, kwa kuwa kipya zaidi huonekana ndicho bora. Sikuelewa kwamba kwa kusema ndiyo naiagiza kompyuta yangu ikompaili msimbo wa C na C++ yenyewe, na kwamba kwenye Windows kazi hiyo haiwezekani bila zana za Rtools, tena Rtools ya toleo linalolingana na R uliyonayo. Wanaosimamia CRAN huwakompailia watu wa Windows vifurushi hivyo, na mara nyingi toleo lililo tayari hufika siku moja au mbili baada ya msimbo chanzo. Kusubiri ndilo lililokuwa jibu. Mimi nikaanza kupakua Rtools, mamia ya megabaiti, bando likaisha, nikashuka kununua jingine, nikaendelea, na saa kumi na moja na nusu kompyuta ikiwa katikati ya kukompaili rlang umeme ukakatika. Hatuna betri ya akiba kwa kompyuta ile. Uliporudi usiku nikakuta ujumbe mpya kabisa, kwamba maktaba imefungwa na haiwezi kuandikwa.

Nilikwenda nyumbani Makorora nikiwa na kompyuta iliyoharibika zaidi kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Ijumaa asubuhi nikampigia simu mzee mmoja wa Ngamiani aliyefundisha hesabu kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, ambaye ndiye aliyenionesha R kwa mara ya kwanza. Nikamwamkia, nikaanza kumsimulia tangu mwanzo hadi kufikia umeme. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, ujumbe wa kwanza wa hitilafu ulisemaje?"

Nikamjibu kwamba ulisema rlang haipo.

"Huo ni wa mwisho uliousoma wewe. Nakuuliza wa kwanza."

Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa nao. Akaniambia nisiguse kitu, atakuja baada ya swala.

Alifika saa nane kwa baiskeli yake, akaegesha chini, akapanda taratibu. Hakugusa kibodi. Akaniamuru nifungue dirisha la Alhamisi asubuhi kama bado lipo. Kwa bahati nilikuwa nimelinakili lote nikitaka kumtumia mwenzangu wa Pangani kwa barua pepe. Tukaupanda ule msururu wa maandishi kuelekea juu, mstari kwa mstari, tukipita makosa ambayo yote yalikuwa yakisema kwamba kitu fulani hakikufanyika kwa sababu kitu kingine hakikuwapo. Karibu na kilele tukakuta mstari mmoja wa tahadhari ambao haukufanana na mingine. Ulisema kwamba faili la rlang.dll halikuweza kunakiliwa kwa kuwa ruhusa imekataliwa. Mzee akaweka kidole juu yake. Akasema kwamba chini ya mstari huo hakuna kosa hata moja. Yote ni matokeo.

Windows haikubali faili la DLL, lenye msimbo uliokwisha kukompailiwa, lifutwe wala kuandikwa juu yake wakati kuna programu inayolitumia. Mimi nilikuwa na dplyr wazi, dplyr ilikuwa imeshika rlang, na katika hali hiyo nikaiamuru R iondoe rlang ya zamani na kuweka mpya. Ni sawa na kutaka kubadili mkuku wa mashua nayo iko kwenye maji makuu na watu wamo ndani. R ilifuta ilichoweza kufuta, ikakwama kwenye lile faili lililoshikwa, na folda ya rlang ikabaki na kipande tu. Lile neno "haipo" nililolisoma lilikuwa kweli, ila halikuwa chanzo.

Lilibaki swali lililoniumiza kichwa: mbona niliifunga R na kuifungua tena mara kadhaa na bado ikagoma? Mzee akaniuliza kama nina faili la .Rprofile. Nilikuwa nalo, tena nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwa kujivunia, likiiagiza R ifungue dplyr na ggplot2 kila inapowashwa ili nisiwe naandika mistari hiyo miwili kila asubuhi. Kwa hiyo kila nilipowasha upya ili kuliachia faili, faili lilikuwa limekwisha kukamatwa kabla sijaandika amri ya kwanza. Juu ya hayo tulipofungua orodha ya programu zinazoendelea tukakuta R nyingine iliyobaki nyuma ya pazia bila dirisha, na folda yangu ya Documents ilikuwa ikinakiliwa mtandaoni muda wote na huduma ya kuhifadhi nakala, ambayo nayo hushika faili kwa muda inapolipandisha.

Matengenezo yenyewe hayakufika saa moja. Tuliifunga R zote mbili, tukaisimamisha huduma ya nakala. Mzee akaamua kwamba kwa kazi ya Jumamosi tusishughulike na 4.2 kabisa, tukarudi kwenye 4.1, ambayo maktaba yake ilikuwa nzima isipokuwa rlang na vifurushi vitatu vingine, na ambayo CRAN ilikuwa bado inaitengenezea matoleo yaliyo tayari, kwani huyatengeneza kwa toleo la sasa na lile lililotangulia. Folda yangu mpya niliyoimwagia vifurushi vya zamani tukaifuta bila huruma, pamoja na folda ndogo iliyoanza kwa sifuri mbili na neno LOCK, ambayo R huiweka inapoanza kusakinisha kutoka msimbo chanzo na kuiondoa inapomaliza. Umeme ulipokatika haikupata nafasi ya kuiondoa, ndiyo sababu ya ule ujumbe wa kufungwa. Katika maktaba ya 4.1 tukaifuta folda ya rlang iliyobaki kipande. Kisha tukaiwasha R kwa neno la --vanilla, linaloifanya isisome .Rprofile wala kurudisha kazi iliyohifadhiwa, tukaongeza muda wa kupakua kutoka sekunde 60 hadi 600, na tukasakinisha rlang peke yake, toleo lililo tayari, kabla ya kingine chochote. Ikakubali. Vilivyobaki vikafuata kimoja kimoja, na saa kumi alasiri mchoro wa kwanza ukatokea kwenye kioo. Usiku huo nikaichapisha michoro yote mitano kwenye steshenari ya Ngamiani, na Jumamosi saa tatu ilikuwa imetundikwa ukutani Kigombe.

Tangu siku ile sisasishi kifurushi nikiwa katikati ya kazi. Nasasisha Jumatatu ya maji mafu, wakati ambao takwimu za pweza haziji kwa wingi, na naanza kwa R isiyo na kitu ndani. Mstari wa kufungua vifurushi niliuondoa katika .Rprofile, dakika niliyokuwa nikiiokoa kila asubuhi ilinigharimu siku mbili. Nikiulizwa kuhusu msimbo chanzo hujibu hapana, nikasubiri. Kama R ikiniambia kwamba kifurushi hakipatikani kwa toleo langu, kwanza natazama kama nimeandika jina sawasawa kwa herufi kubwa na ndogo, kisha kama R yangu imezeeka, ndipo naanza kuhisi jambo jingine.

Kuna ushauri ambao vijana wengi huupata na ambao siukubali, nao ni ule wa kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Huenda unamfaa mtu mwenye intaneti isiyopimwa. Kwa sisi tunaonunua bando kwa gigabaiti, kufuta maktaba ya vifurushi zaidi ya mia kwa ajili ya kimoja kilichokwama ni hasara ya fedha halisi, na mbaya zaidi unafuta pamoja na ushahidi: kama chanzo kilikuwa .Rprofile, utasakinisha upya na kesho utakwama pale pale bila kujua kwa nini. Kijana anayefanya kazi nami sasa namwomba kwanza aniletee maandishi yote ya kwenye kioo, kuanzia amri aliyoiandika. Kwa kuwa ujumbe huo huja kwa Kiingereza cha mafundi, tumeweka kaunta buku ambamo tunaandika kila ujumbe tuliokutana nao na maana yake kwa Kiswahili cha kawaida. Ujumbe wa "ruhusa imekataliwa" tumeuandikia: kuna mtu amelishika faili, mtafute ni nani. Ule unaosema kwamba toleo fulani limekwisha kufunguliwa lakini linahitajika jipya zaidi tumeuandikia: kifurushi kipya kiko diskini, cha zamani kiko kumbukumbuni, iwashe upya.

Kaunta buku hiyo ina kurasa nyingine ninazozithamini zaidi. Kila ripoti inapokamilika tunabandika humo matokeo ya sessionInfo(), yanayotaja toleo la R na la kila kifurushi kilichotumika, na chini yake tunaandika kwa mkono jumla za kilo za kila mwezi kama zilivyochapishwa. Kwa miradi mipya natumia pia kifurushi cha renv, ambacho huupa kila mradi maktaba yake na kuandika matoleo yote katika faili moja, hivyo kusasisha mradi wa dagaa hakugusi mradi wa pweza.

Kurasa hizo zilihitajika Oktoba 2023. Ramani zetu za maeneo ya uvuvi zilichorwa kwa kutumia rgdal, kifurushi cha zamani cha mambo ya ramani ambacho mtunzaji wake, Roger Bivand wa Norway, alikuwa ametangaza mapema kwamba kitastaafishwa pamoja na rgeos na maptools. Mwezi huo vyote vitatu vikaondolewa katika orodha hai ya CRAN na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Sikuwa nimelifuata tangazo hilo, na nilipoweka R mpya kwenye kompyuta ya pili nikaambiwa rgdal haipatikani. Safari hii sikurudia amri hata mara moja. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaenda kwenye ukurasa wa kifurushi, nikakuta kimeelezwa kuwa kimehifadhiwa, nikaelewa kwamba hapakuwa na kitu cha kutengeneza kwenye kompyuta yangu. Msimbo ndio uliopaswa kubadilika. Nikautafsiri kwenda kwenye kifurushi cha sf, nacho cha ramani, kwa siku tatu, kazi ya kuchosha lakini isiyo na fumbo.

Nilipomaliza niliifungua kaunta buku kwenye ukurasa wa Juni 2022, nikaendesha msimbo mpya juu ya takwimu zile zile za Kigombe, na nikamkabidhi kijana kalamu ili alinganishe mwezi kwa mwezi, yeye akisoma kwenye karatasi na mimi nikisoma kwenye kioo. Tulisimama kidogo kwenye Novemba, ambapo tarakimu moja ya mkono ilikuwa imefifia, tukaichukua mizania ya daftari la pwani na kuihakiki. Zote kumi na mbili zililingana, hadi kilo ya mwisho.